Zamani mgema alitia maji, leo wauzaji wanatia sumu

Wahenga walituachia methali kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Udanganyifu waliouona wao ulikuwa wa maji. Mnywaji alirudi nyumbani amekasirika, ameliwa pesa zake, lakini alirudi. Udanganyifu wa siku hizi una jina la kemia, unaanzia kwenye mapipa yenye stakabadhi halali, na anayedanganywa huenda asiione asubuhi. Akiiona bahati, ataamka lakini macho hayatamwonyesha kitu tena.

Jina la kitu hicho ni methanoli. Kila mara Wakenya wanapokufa kwa makumi baada ya kunywa pombe, jina hilo hutajwa kwenye taarifa kwa siku tatu au nne, wakubwa hutoa amri, polisi huvamia vilabu, mitungi humwagwa mbele ya kamera, kisha tunasahau hadi msiba unaofuata. Makala haya si mahubiri dhidi ya ulevi. Wahubiri tunao na kazi yao wanaijua. Ninachotaka tukitazame ni bidhaa yenyewe: ni nini, inafanya kazi gani, inauaje, na kwa nini sisi watu wa Pwani inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Najua wapo watakaosema hayahusu nyumba zao, maana kwao pombe haiingii. Subira, ndugu msomaji. Methanoli haimngojei mlevi peke yake.

Kitu chenyewe ni nini

Methanoli ni alkoholi nyepesi kuliko zote. Haina rangi, ukiimimina kwenye glasi utadhani ni maji ya bomba, na harufu yake haina tofauti kubwa na ya spiriti ya kawaida. Huchemka kwenye nyuzi 64.7 za Selsiasi. Ndugu yake ethanoli, ambayo ndiyo alkoholi iliyomo ndani ya bia, mvinyo na mnazi, huchemka kwenye nyuzi 78. Zamani Wazungu waliipata kwa kuunguza mbao ndani ya chombo kilichofungwa na kukusanya mvuke wake, ndiyo maana wakaiita spiriti ya mbao. Siku hizi hutengenezwa kwenye viwanda vikubwa kutokana na gesi asilia na makaa ya mawe, na dunia hutumia zaidi ya tani milioni 100 kila mwaka.

Tani zote hizo si za kuwaua watu. Kabati la jikoni lililotengenezwa kwa mbao za unga, mlango wa plaiwudi, meza ya ofisini, vyote hivyo kwa kawaida vimeshikana kwa gundi inayotokana na fomaldehaidi, na fomaldehaidi hutokana na methanoli. Imo katika utengenezaji wa plastiki, rangi na vanishi. Hutumika kutengeneza dizeli ya mimea. Nchi za baridi huitia kwenye maji ya kuoshea vioo vya magari ili yasigande. Ile spiriti ya zambarau inayouzwa kwenye hadiwea kwa kawaida ni ethanoli iliyotiwa methanoli kiasi makusudi, pamoja na rangi, ili mtu asiinywe na ili isitozwe ushuru wa kileo.

Kwa hivyo mtu akisema methanoli ipigwe marufuku, hajui anachokisema. Fundi wa Kongowea anayepiga vanishi, kiwanda cha rangi, maabara ya shule, wote hao wana haja halali nayo au na bidhaa zilizotokana nayo. Swali la maana ni jingine: pipa linapotoka mikononi mwa mwenye haja halali, linakwenda wapi?

Inavyoua

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na kutolijua kwao ndiko kunakowaua. Methanoli ikiwa bado ni methanoli tumboni, haina makali sana. Inamlewesha mtu kidogo tu, tena kidogo kuliko pombe ya kawaida. Ubaya huanza ini linapoivunja. Ini letu lina vimeng'enya vinavyovunja alkoholi, navyo havichagui. Vikikutana na ethanoli huigeuza hatimaye kuwa kitu ambacho mwili unaweza kukitumia. Vikikutana na methanoli huigeuza kuwa fomaldehaidi, ambayo ndiyo msingi wa dawa ya kuhifadhia maiti, kisha kuwa asidi ya fomiki.

Asidi hiyo ndiyo muuaji. Inazuia seli kutumia hewa ya oksijeni, na mishipa ya macho ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kuumia. Damu inakuwa na asidi nyingi, mapafu yanajitahidi kuitoa kwa kupumua haraka na kwa kina, na mwisho moyo na ubongo vinashindwa.

Yote haya huchukua muda. Kwa kawaida ni kati ya saa 12 na 24 tangu mtu anywe, na huweza kuzidi hapo ikiwa alichanganya na pombe ya kawaida, kwa sababu ini hushughulikia ethanoli kwanza. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu anakunywa jioni, analala, anaamka na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na tumbo kusokota. Yeye na mkewe wanasema ni hangova. Anapewa supu, anaambiwa alale. Mchana anaanza kuona ukungu mweupe, kama anayetazama kupitia moshi wa kuni mbichi. Jioni hatambui sura ya mtoto wake. Wakati familia inatafuta gari, saa zilizokuwa na faida zimekwisha.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Vitabu vya tiba hutaja mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, kuwa kiasi kinachoweza kumuua mtu mzima, na mililita 10 kuwa zinaweza kumpofusha. Si kila mtu ataathirika sawasawa, na ndiyo sababu watu wawili waliokunywa chupa moja, mmoja huzikwa na mwingine akatoka kutoa ushahidi kwamba pombe ilikuwa sawa.

Tena tuondoe imani moja hatari. Wapo wanaodai kwamba ukiimwagia pombe kiberiti ikawaka mwali wa buluu, basi ni safi. Huo ni uongo. Ethanoli huwaka buluu, methanoli nayo huwaka buluu iliyofifia kiasi kwamba juani mwali wake karibu hauonekani. Kuonja hakusaidii, kunusa hakusaidii, kutikisa chupa na kutazama povu hakusaidii. Kinachotofautisha ni kipimo cha maabara.

Hesabu ya misiba

Mwezi Novemba 2000, kwenye mitaa ya mabanda ya Mukuru jijini Nairobi, zaidi ya watu 130 walikufa baada ya kunywa kumi kumi, kinywaji kilichopewa jina hilo kwa bei yake ya shilingi kumi. Wengine walibaki vipofu. Mwaka 2005 zamu ilikuwa ya Machakos, karibu watu 50 wakafa. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti vileo, ile ambayo wananchi bado wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeipeleka. Sheria hiyo ilifuta marufuku ya chang'aa kwa hoja nzuri: kinywaji kikitengenezwa kwa leseni, kikafungwa kwenye chupa na kukaguliwa, mwenye sumu hatapata pa kujificha.

Miaka minne baadaye, Mei 2014, sumu ilizuka kwenye kaunti kadhaa kwa wakati mmoja, zikiwemo Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Watafiti waliochunguza mkasa huo na mwingine wa Julai mwaka huohuo walihesabu wagonjwa 341 katika wa kwanza, na 100 kati yao wakafa. Katika wa pili walihesabu wagonjwa 126, na 26 wakafa. Watafiti haohao waliutazama mkasa wa Libya wa mwaka 2013, ambako wagonjwa walikuwa 1,066 na waliokufa 101.

Zitazame namba hizo vizuri. Libya alikufa mgonjwa mmoja kwa kila kumi. Kenya, katika mkasa wa Mei, walikufa karibu watatu kwa kila kumi. Sumu ni ileile, na ini la Mlibya halina tofauti na la Mkenya. Sehemu ya tofauti hutokana na nani alifika hospitalini, alifika saa ngapi, na alikuta nini huko. Hapo tutarudi.

Kisha ikaja Februari 2024. Katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, watu 17 walikufa. Uchungu wa kisa hicho ulikuwa chanzo chake, kwani pombe hiyo ilikuwa imeshakamatwa na kuwekwa kituo cha polisi kama ushahidi, ikatoka huko na kurudi sokoni. Mwezi uliofuata Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, alitangaza msururu wa hatua kali, ikiwemo ukaguzi mpya wa leseni za watengenezaji. Lakini Kangai ilikwisha kutufundisha kwamba msako bila udhibiti wa kinachokamatwa ni kuihamisha sumu kutoka rafu moja hadi nyingine.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa Kenya au wa maskini peke yao. Jamhuri ya Cheki, mwaka 2012, ilipoteza makumi ya watu, na serikali yake ikasimamisha kwa muda uuzaji wa pombe kali nchi nzima. Wapelelezi wao walifuata njia ya bidhaa kutoka chupa hadi pipa, wakafika kwenye methanoli iliyonunuliwa kwa kisingizio cha maji ya kuoshea vioo vya magari, na wahusika wakuu wawili wakahukumiwa kifungo cha maisha. Iran, mwaka 2020, mamia walikufa baada ya uvumi kwamba kunywa alkoholi kunatibu Korona. Kuwait, Agosti 2025, wizara ya afya ilitangaza vifo 23 kati ya watu 160 walioathirika, katika nchi ambayo pombe imepigwa marufuku kabisa. Wenye vijana wao wanaofanya kazi Ghuba wawaambie hilo. Mahali pombe inapokatazwa, inayopatikana ni ile ambayo hakuna aliyeikagua.

Kwa nini wanaitia

Sababu ni faida. Methanoli ya kiwandani ni rahisi mno, kwa bei za soko la dunia lita moja haifiki dola moja. Haitozwi ushuru wa kileo kwa sababu kisheria si kileo. Ethanoli safi ya kutengenezea vinywaji ina bei kubwa zaidi, ina ushuru, ina stempu na ina wakaguzi. Mfanyabiashara mwenye tamaa anayeweza kupata mapipa mawili ya methanoli, maji, rangi ya kahawia, chupa tupu na stempu bandia, ana bidhaa anayoweza kuiuza kwa bei ambayo mwenye leseni hawezi kuifikia.

Na mnunuzi yupo. Kijana wa mjengo aliyelipwa mia chache jioni hawezi kununua chupa halali. Kila ushuru unapopanda, pengo kati ya chupa halali na haramu hupanuka, na ndani ya pengo hilo ndimo methanoli hupita. Sisemi ushuru ufutwe. Nasema anayepandisha ushuru bila kuongeza wakaguzi anafungua mlango wa nyuma huku akipiga kufuli wa mbele.

Wengine wanaotia methanoli hawajui hata wanachokitia. Muuza chang'aa wa mtaani ananunua jeriken kutoka kwa mtu aliyemwambia ni spiriti ya kuongeza makali. Jeriken halina lebo. Anayekamatwa ni yeye, na kosa lake si dogo, lakini aliyetoa lebo kwenye pipa yuko mbali sana na kijiji hicho.

Mnazi unabebeshwa mzigo usio wake

Hapa ndipo Pwani tunapoumizwa mara mbili. Kila msiba unapotokea bara, amri hushuka nchi nzima, na hapa kwetu zinazovamiwa ni mangwe za Kaloleni, Rabai, Ganze na vijiji vya Kwale. Mgema anayepanda mnazi alfajiri anawekwa kapu moja na mchanganyaji wa kemikali.

Tuseme ukweli wa kisayansi. Utomvu wa mnazi huchachuka wenyewe kwa hamira ya asili kuanzia saa ile unapodondoka. Mnazi wa asubuhi ni mtamu, wa jioni una makali, ukilala unaelekea kuwa siki. Alkoholi yake ni ethanoli, kwa kiwango kinachokaribiana na cha bia. Methanoli inayotokana na uchachukaji wa aina hii ni ya chembechembe tu, haiwezi kujaza wodi kwa usiku mmoja. Hata chang'aa iliyotengenezwa kwa nafaka na sukari, pamoja na uchafu wake wote, kwa kawaida haitoi methanoli ya kuua kijiji. Vifo vya makumi kwa wakati mmoja hutokana na methanoli ya kiwandani iliyoongezwa na mkono wa mtu.

Hilo halifanyi mnazi kuwa dawa. Ulevi wa mnazi umevunja nyumba, na kuna vijana waliouacha utu wao mangweni. Wanaotaka kuupinga kwa sababu za dini au za malezi wana haki yao. Lakini wasiseme wanaupinga kwa sababu ya methanoli. Wanapoifunga mangwe ambako kila mtu anamjua mgema na mnazi wake, mnywaji haendi kusali. Anakwenda kwenye duka la nyuma anakouziwa chupa ndogo isiyo na baba wala mama. Viongozi wa Pwani ambao kwa miaka wametaka mnazi utambuliwe na kusimamiwa wangekuwa na hoja nzito zaidi kama wangeijenga juu ya usalama: kinywaji kinachojulikana kilikotoka kinaweza kukaguliwa, kilichofichwa hakiwezi.

Bandari ni yetu

Kenya haina kiwanda cha kutengeneza methanoli. Inayotumika hapa huagizwa, na lango kuu la mizigo ya baharini ni Mombasa. Humo pia hupita mizigo ya Uganda, Rwanda, Congo na Sudan Kusini. Maana yake ni kwamba kabla ya sumu kufika Kirinyaga au Embu, kuna uwezekano mkubwa imepita barabara ambayo wewe na mimi tunapita. Waliokufa bara ni msiba wa bara, lakini pipa lilishukia kwetu, na hapa ndipo pahali rahisi zaidi pa kulihesabu.

Lori linalobeba methanoli linatakiwa kuwa na kibao cha rangi ya machungwa chenye namba 1230, pamoja na alama ya moto na ya fuvu. Ethanoli ni 1170. Namba hizo ni za kimataifa, na kila mwanabodaboda, kila mwenye kibanda kando ya barabara kutoka Miritini hadi Mariakani na kuendelea hadi Voi angefaa kuzijua. Tunazo kumbukumbu za Sachangwan, Januari 2009, ambako zaidi ya watu 100 waliungua walipokuwa wakichota petroli kwenye lori lililopinduka. Methanoli ikimwagika, hatari ni mbili. Inashika moto kwa urahisi kwenye joto letu hili, tena mwali wake mchana huenda usiuone mpaka umekushika. Na atakayeichota akaokoka na moto, anabeba nyumbani jeriken la kitu kinachonuka kama pombe.

Lipo jambo jingine linalokuja. Kampuni za meli zimeanza kutumia methanoli kama mafuta ili kupunguza moshi. Meli ya kwanza ya makontena ya aina hiyo, Laura Maersk, ilizinduliwa mwaka 2023, na nyingine kubwa zaidi zimefuata. Shirika la kimataifa la bahari lilitoa miongozo ya usalama wa mafuta hayo mwaka 2020. Vijana wetu wanaosomea ubaharia, pamoja na wafanyakazi wa gatini na wazima moto wa kaunti, watakutana nayo. Povu la kawaida la kuzimia moto wa petroli huvunjika likigusa alkoholi, kwa hivyo linahitajika povu maalumu. Mvuke wake kwenye chumba kisicho na hewa hudhuru, na maji yake hupenya ngozi. Fundi anayenawa rangi mikononi kwa vimiminika asivyovijua kila jioni, miaka nenda miaka rudi, anapaswa kuelezwa hayo pia.

Saa zinazookoa

Habari njema ni kwamba sumu hii ina tiba. Mgonjwa akiwahi, anaweza kupona kabisa, macho na yote. Tiba yake ni kulizuia ini lisiivunje methanoli, huku mwili ukiitoa taratibu. Dawa maalumu ya kazi hiyo ni fomepizoli, ambayo Shirika la Afya Duniani iliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2013. Bei yake ni kubwa, na hospitali nyingi za nchi zetu hazina. Isipokuwepo, madaktari hutumia ethanoli safi kwa vipimo maalumu, kwa sababu ini likishughulika na ethanoli linaiacha methanoli. Huongezwa dawa ya kupunguza asidi, na kwa waliozidiwa, mashine ya kusafisha damu.

Isieleweke kwamba mtu ajitibu kwa pombe nyumbani. Kipimo kikikosewa kinaua, na chupa utakayokimbilia huenda ikawa na sumu ileile. Ni kazi ya daktari.

Sasa tujiulize kwa upole. Mgonjwa wa Kisauni anaweza kufika Hospitali Kuu ya Pwani kwa muda mfupi, na huko mashine za kusafisha damu zipo. Mgonjwa wa Kiunga au Faza, anayengoja mashua na maji yajae? Wa Lungalunga? Wa vijiji vya ndani Tana River wakati wa mafuriko? Kwa hao, zahanati ya karibu ndiyo hospitali. Je, muuguzi wa huko amefundishwa kwamba mlevi anayelalamika macho na kupumua kwa kasi si mlevi tu? Ana namba ya kupiga? Stoo ya kaunti ina ethanoli ya tiba iliyohesabiwa na kuwekwa tayari?

Na kuna kikwazo ambacho si cha pesa. Familia nyingi huficha. Mgonjwa anafikishwa, daktari anauliza amekula nini, wanajibu ni malaria, kwa aibu ya majirani ama kwa hofu ya polisi. Kila dakika ya uongo huo asidi inaongezeka. Hospitali isiwe mtego. Anayemleta mgonjwa na kusema amekunywa wapi aonekane shahidi, asionekane mshukiwa, kwa sababu neno lake moja linaweza kuwaokoa wengine ishirini waliokunywa kwenye chupa ileile na bado wanadhani wana hangova.

Jambo hili linagusa pia mkate wetu wa utalii. Novemba 2024, katika mji wa Vang Vieng nchini Laos, watalii sita kutoka nchi za nje walikufa kwa methanoli, na habari zao zilizunguka dunia nzima kwa wiki kadhaa. Diani, Watamu, Malindi na Lamu hazina kinga ya kuzaliwa nayo. Mwenye baa anayejaza chupa ya jina kubwa kwa spiriti aliyoletewa usiku kwa bei ya kutupa, anachezea ajira za maelfu.

Yanayowezekana

Siandiki haya ili tulie tu. Yapo yanayowezekana, na mengi hayahitaji sheria mpya.

Kwanza, methanoli itiwe rangi na dawa chungu inapoingia nchini, isipokuwa kwa kiwanda au maabara iliyothibitisha kwamba vitaharibu kazi yake. Rangi na uchungu vikiingia bandarini, mchanganyaji atakuwa na kazi ngumu ya kuvitoa.

Pili, pipa lifuatwe. Mwagizaji aeleze amemuuzia nani, naye aeleze amelitumia wapi. Kiwanda cha gundi kinachonunua tani kumi na kutoa gundi ya tani mbili kina swali la kujibu. KRA, KEBS na Mkemia wa Serikali wana sehemu ya kazi hiyo, tatizo ni kwamba kila mmoja ana daftari lake.

Tatu, pombe na kemikali zilizokamatwa zipimwe na kuharibiwa haraka kwa amri ya mahakama, ibaki sampuli tu ya ushahidi. Kangai isijirudie.

Nne, kaunti sita za Pwani, ambazo ndizo zinazotoa leseni za pombe na kusimamia zahanati, zitenge sehemu ya ada za leseni kununua dawa na kufundisha wauguzi. Haieleweki kaunti ikusanye pesa za chupa kisha ishindwe kumtibu aliyedhuriwa na chupa.

Tano, sisi wenyewe. Spiriti, vanishi na vimiminika vya kuyeyushia rangi visiwekwe kwenye chupa za soda au maji, hasa palipo na watoto. Anayefanya kazi navyo afungue madirisha, avae glavu, asivute sigara karibu. Na aliyekunywa kitu jana, leo akaona ukungu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama tumbo limetulia, hata kama anasema amepata nafuu. Apelekwe pamoja na chupa aliyonywea, ili daktari ajue anapambana na nini na polisi wajue waanzie wapi.

Tukiendelea kupigana na walevi peke yao, tutakuwa na ushindi wa kamera kila mwaka na makaburi mapya kila baada ya miaka michache. Pipa moja lililohesabiwa Kilindini lina thamani kuliko mitungi elfu ya mnazi iliyomwagwa mchangani. Gavana, mbunge au kamishna atakayekuja kutuhutubia kuhusu pombe haramu, tumuulize swali moja tu kabla hajashika maikrofoni: mwaka huu imeingia methanoli kiasi gani, na iko wapi?